Glasgow kwa mpenda sanaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla ya lolote, jambo la saa. Saa zote kwenye ukurasa huu ni za Kiswahili. Tiketi ikiandikwa 7pm, hiyo ni saa 1 usiku, na 1pm ni saa 7 mchana. Ukizichanganya hizo mbili utafika onyesho limeisha, na hakuna atakayekurudishia pesa.

Kwa nini Glasgow, jiji la Uskoti, wakati kila mtu anakwenda London au Edinburgh?

Kwa sababu Glasgow milango iko wazi. Makumbusho ya manispaa hayana kiingilio, na hayo si majumba madogo ya mtaani: yana michoro na sanamu ambazo kwingine ungepanga foleni na kulipa ndipo uzione. Jiji lina watu zaidi ya laki sita na lilikua kwa viwanda vya meli, vyuma na nguo. Fedha zilizosaidia kujenga jumba la makumbusho la Kelvingrove zilitokana na faida ya maonyesho makubwa ya 1888, na wenyeji mpaka leo huingia humo kama mtu anavyoingia nyumbani kwa shangazi yake: hana miadi, na viatu vina tope.

Mwaka 1990 Glasgow ilikuwa Jiji la Utamaduni la Ulaya, na 2008 UNESCO ikaitangaza Jiji la Muziki. Sifa hizo mbili zilistahili.

Nina siku moja tu. Niende wapi?

Kelvingrove. Panda Subway, treni ya chini ya ardhi, ushuke kituo cha Kelvinhall, kisha utembee kama dakika tano. Jumba hufunguliwa saa 4 asubuhi, isipokuwa Ijumaa na Jumapili ambapo hufunguliwa saa 5. Hufungwa saa 11 jioni siku zote. Wageni wengi hukosea hapo: wanafika saa 10 jioni wakidhani wana muda, kumbe imebaki saa moja tu.

Panga uwe ndani kabla ya saa 7 mchana. Saa hiyo, Jumatatu hadi Jumamosi, mpigaji huketi kwenye kinanda kikubwa cha mabomba cha mwaka 1901 na kupiga kwa nusu saa. Jumapili ni saa 9 alasiri. Usisimame chini katikati ya ukumbi. Panda ghorofani, uchukue nafasi kwenye roshani inayotazamana na kinanda, maana sauti hupanda juu na huko ndiko utakakosikia zile noti nzito zikitetemesha ukingo ulioushika.

Upande mmoja wa jumba kuna twiga na tembo aitwaye Sir Roger, na juu yao inaning'inia ndege ya kivita aina ya Spitfire. Upande wa pili vinaning'inia vichwa vyeupe vya watu, kila kimoja na hisia yake: kinacheka, kinalia, kinashangaa. Kisha tafuta mchoro wa Salvador Dalí wa Kristo msalabani akitazamwa kutoka juu. Jiji liliununua 1952 kwa pauni 8,200, watu wakalalamika sana kwamba ni hasara, na 1961 mgeni mmoja akauchana. Ukarekebishwa. Leo ndio unaotembelewa kuliko kingine chochote humo. Ukienda usiukute, ujue umeazimwa jumba jingine. Hutokea, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari kwa ajili yake peke yake.

Utasikia mtu akisema jumba lilijengwa kinyumenyume na msanifu akajiua kwa aibu. Ni uzushi. Lilikusudiwa kutazama bustani tangu mwanzo.

Jumba la makumbusho la Burrell liko nje ya katikati ya jiji. Inafaa safari?

Inafaa sana, lakini ipe siku yake. Sir William Burrell, tajiri wa meli, na mkewe Constance walilipatia jiji mkusanyiko wao wote mwaka 1944, leo ni vitu kama 9,000: mazulia ya kutundikwa ukutani, vioo vya rangi vya makanisa ya zamani, vyombo vya China, silaha. Aliweka sharti kwamba vikae umbali usiopungua maili 16 kutoka katikati ya jiji, kwa sababu moshi wa makaa ya mawe ungekula nyuzi za mazulia. Sharti hilo lilikwamisha kila kitu. Jumba lilifunguliwa 1983, Burrell mwenyewe akiwa ameshakufa miaka mingi, ndani ya bustani ya Pollok yenye hewa safi. Likafungwa kwa ukarabati, likafunguliwa tena 2022, na 2023 likashinda tuzo ya makumbusho bora ya mwaka Uingereza.

Panda treni kutoka Glasgow Central hadi Pollokshaws West, safari ya kama dakika kumi, kisha upite bustanini kwa miguu. Vaa viatu vinavyostahimili maji. Njiani utapishana na ng'ombe wa nyanda za juu, wenye manyoya mekundu yanayofunika macho. Wako nyuma ya uzio na hawana ubaya.

Shule ya sanaa ya Mackintosh iliungua. Kuna kilichobaki cha kuona?

Jengo lenyewe halitembelewi. Liliungua mara mbili, Mei 2014 na Juni 2018. Moto wa kwanza ulianza pale gesi ya kopo la povu iliposhika moto kutokana na joto la projekta. Wa pili ulikuja ukarabati ukiwa unakaribia kukamilika, na uchunguzi haukuweza kubaini chanzo kwa sababu ushahidi uliteketea pamoja na jengo.

Lakini msanifu wake, Charles Rennie Mackintosh, hakujenga hiyo tu. Nenda kwanza chuo kikuu, kwenye jumba la sanaa la Hunterian, ukaone nyumba aliyokuwa akiishi na mkewe Margaret Macdonald, ambaye naye alikuwa msanii kamili, si msaidizi wa mumewe. Nyumba halisi ilibomolewa miaka ya 1960, vyumba vikajengwa upya ndani ya jumba hilo, jirani na ilipokuwa, vikitazama upande uleule ili mwanga uingie kama zamani. Ukiwa nje utauona mlango wa mbele ukining'inia ukutani, juu sana ya ardhi, hauna ngazi. Si kosa la fundi. Mlango umekaa mahali pake sahihi kulingana na vyumba vya ndani, ardhi ya hapa ndiyo iliyo chini zaidi.

Kisha nenda Sauchiehall Street namba 217, kwenye nyumba ya chai ya Willow iliyofunguliwa 1903. Agiza chai, uketi, utazame viti vyenye migongo mirefu. Chai inagharimu kuliko mkahawa wa kawaida, ila unakaa ndani ya kazi yenyewe ya sanaa.

Mbona sanamu ya yule mpanda farasi ina koni ya barabarani kichwani?

Ni Duke wa Wellington, kazi ya Carlo Marochetti ya 1844, mbele ya jumba la sanaa za kisasa liitwalo GoMA. Vijana walianza kumvika koni miaka ya 1980. Manispaa ikiitoa, kesho yake ipo nyingine. Mwaka 2013 manispaa ilipendekeza kuinua msingi wa sanamu ili asifikiwe, wananchi wakapinga kwa maelfu, mpango ukaachwa. Piga picha, lakini usipande. Ni juu, mawe huteleza mvua ikinyesha, na watu huumia.

Unapopiga picha hiyo, tazama na jengo lililo nyuma. Lilijengwa 1778 kama makazi ya William Cunninghame, mfanyabiashara wa tumbaku iliyolimwa na watumwa wa Kiafrika huko Amerika. Mitaa ya jirani ina majina ya aina hiyohiyo: Buchanan, Glassford, Ingram, Virginia Street, Jamaica Street. Mwaka 2022 manispaa iliomba radhi rasmi kwa nafasi ya jiji katika biashara ya watumwa. Mwafrika anayetembea mitaa hiyo ya Merchant City na asijue haya atasifia mawe tu.

Nataka kusikia zumari za mfuko za Kiskoti. Wapi, na kuna lolote la kwetu ndani yake?

Lipo, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zumari nzuri za Kiskoti hutengenezwa kwa mpingo, ule ule wa Lindi, Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji, mti uleule anaouchonga Mmakonde. Mafundi wa Uskoti waliuchagua kwa sababu ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta ya asili, na ukitobolewa tundu refu na jembamba hubaki laini kwa ndani na haupindi. Sauti ile kali inayovuka uwanja mzima inatoka kwenye mti wetu.

Chombo kina mfuko, bomba la kupulizia, mabomba matatu ya sauti isiyobadilika yanayolala begani (mawili ya wastani na moja refu la besi), na filimbi ya vidole inayotoa noti tisa. Mpigaji hapulizi moja kwa moja kwenye filimbi. Anajaza mfuko, kisha anaubana kwa kiwiko pale anapovuta pumzi, ndiyo maana wimbo haukatiki. Asiyezoea hubana na kupuliza kwa wakati mmoja, na shinikizo likizidi sauti hupanda na kuparuza. Zumari mpya haipigwi muda mrefu kwenye baridi: pumzi yenye unyevu huvimbisha mpingo kwa ndani huku nje ukiwa mkavu, na mti hupasuka kwa urefu. Mwenye zumari mpya huipiga dakika 15 hadi 20 kwa siku, kisha anaipangusa kwa ndani.

Kituo cha taifa cha zumari kipo McPhater Street, karibu na kituo cha Subway cha Cowcaddens, na kina makumbusho yake. Ukija Agosti, mashindano ya dunia ya bendi za zumari hufanyika uwanja wa Glasgow Green. Usikae jukwaani muda wote. Zunguka pembeni, ambako bendi zinapasha moto na kulinganisha sauti kabla ya kuitwa. Hapo utasimama hatua chache kutoka kwa wapigaji na kumwona kiongozi akipita filimbi moja baada ya nyingine, akisogeza kipande cha utepe juu ya tundu ili noti ishuke kidogo.

Muziki wa laivu: ukumbi gani, na tiketi ninunueje?

Barrowland, mtaa wa Gallowgate, ndio unaopendwa na wanamuziki wenyewe. Ulijengwa 1934, ukaungua 1958, ukafunguliwa tena 1960 kama ukumbi wa dansi. Sakafu yake imetengenezwa inepe, kwa hiyo watu wakiruka pamoja nayo inaruka. Hakuna viti katikati, unasimama. King Tut's, St Vincent Street, huingiza watu 300 tu. Ndiko bendi ya Oasis ilikoonwa Mei 1993 na mtu aliyeipa mkataba. Kwa okestra nenda Royal Concert Hall au City Halls. Hydro, iliyofunguliwa 2013, ni ya majina makubwa na huingiza zaidi ya 14,000.

Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, kisha fuata kiungo chake. Ukianza kwa kutafuta jina la msanii mtandaoni, mara nyingi viungo vya juu ni vya walanguzi. Angalia jumla ya mwisho kabla ya kulipa, maana huwa kuna ada ya huduma. Soma umri unaoruhusiwa: kumbi nyingi za kusimama hazipokei watoto wadogo, na nyingine ni miaka 18 kwenda juu. Chukua pasipoti au kitambulisho chenye picha, hata kama ndevu zako zina mvi.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi kwa kawaida ni wa mlango kufunguliwa. Mlango ukifunguliwa saa 1 usiku, msanii wa kufungua huanza baada ya nusu saa au saa nzima, na mwenye onyesho hupanda kama saa 3. Saa 5 usiku kumekwisha. Mazoea ya kwetu ya kufika usiku wa manane hayafai huku.

Ceilidh ni nini, na nitaweza bila kujua hatua?

Hutamkwa "keili". Ni dansi ya jamii ya Kiskoti na utaiweza, kwa sababu mwitaji husimama na kipaza sauti na kukuelekeza kabla muziki haujaanza. Sloans, karibu na Argyle Street, huwa nayo Ijumaa usiku.

Jifunze moja tu kabla ya kwenda, Gay Gordons. Simameni wawili wawili kwenye duara kubwa, nyote mkielekea kinyume cha mwendo wa saa, mwanamume upande wa ndani. Mkono wake wa kulia unapita juu ya mabega ya mwanamke na kushika mkono wake wa kulia. Mikono ya kushoto inashikana mbele. Tembeeni hatua nne mbele. Geukeni bila kuachiana mikono, kisha endeleeni hatua nne kinyumenyume, kuelekea kulekule mlikokuwa mnakwenda. Sasa rudieni kwa upande wa pili, nne mbele, geuka, nne kinyumenyume, na mko pale mlipoanzia. Achieni mikono ya kushoto, inueni ya kulia. Mwanamke anazunguka chini yake hesabu ya nane. Mwisho shikaneni na mzunguke pamoja kwa hesabu ya nane nyingine. Kisha mwanzo tena.

Kosa la kila mgeni liko kwenye kugeuka: anageuka na kutembea mbele badala ya kinyumenyume, anawagonga walio nyuma yake. Ukikumbuka kwamba baada ya kugeuka duara bado linakwenda upande uleule, umemaliza. Vaa viatu bapa, weka mkoba pembeni, na vua pete kubwa, kwani dansi zinazofuata ni za kuzungushana kwa nguvu.

Nataka tamthilia, lakini bei za jioni ni kubwa.

Nenda mchana. Òran Mór ni kanisa la zamani mwanzo wa Byres Road, karibu na kituo cha Hillhead. Tangu 2004 kuna tamthilia fupi mpya saa 7 mchana, chini ya saa moja, na tiketi inajumuisha pai na kinywaji. Asiyekula nyama ile aombe pai ya mboga, na asiyekunywa pombe apewe soda. Ni jambo la kawaida, wala hutatazamwa. Ukimaliza, uliza kama ukumbi wa juu uko wazi uone dari iliyochorwa na Alasdair Gray.

Citizens, mtaa wa Gorbals, ulifunguliwa tena 2025 baada ya kufungwa miaka saba kwa ukarabati. Tramway, ambayo zamani ilikuwa karakana ya tramu, ni ya kazi za majaribio. Desemba ni msimu wa pantomimu, michezo ya kuchekesha ya familia, na huko kunyamaza ndiko kukosa adabu: mtoto wako apige kelele kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake.

Kuna kumbukumbu nyingine za Afrika Mashariki?

David Livingstone alisoma udaktari Glasgow na sanamu yake iko karibu na kanisa kuu. Alizaliwa Blantyre, safari fupi ya treni kutoka Glasgow Central, na nyumba aliyozaliwa ni makumbusho. Nenda ukatafute habari za Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Makumbusho yalipofunguliwa upya 2021 yaliwapa nafasi ambayo zamani hawakupewa.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa kuna MV Victoria, ile ya Mwanza na Bukoba. Ilijengwa na Yarrow, Scotstoun, ukingoni mwa mto Clyde, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuunganishwa huko. Ikaanza kazi 1961. Ukitaka kuelewa mto uliozaa meli hiyo, nenda Riverside, makumbusho ya usafiri yaliyosanifiwa na Zaha Hadid. Shuka Govan, upite kanisa la Govan Old uone mawe yaliyochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kisha uvuke daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2024.

Na Nelson Mandela Place. Glasgow ilimpa Mandela heshima ya uraia wa jiji mwaka 1981 akiwa bado gerezani. Mwaka 1986 ikabadili jina la uwanja huo, ambako ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ulikuwa na ofisi, ili kila barua iliyoandikiwa ofisi hiyo ibebe jina la mfungwa wao. Mandela alikuja mwenyewe 1993.

Mwezi gani ni mzuri?

Januari kwa Celtic Connections, tamasha la muziki lililoanza 1994. Februari na Machi kuna tamasha la filamu, na jumba lake kuu, Glasgow Film Theatre, ni la 1939. Agosti kwa zumari. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, Juni linakawia mpaka saa 4 usiku. Mvua ni ya miezi yote. Mwavuli hupinduliwa na upepo, nunua koti lenye kofia.

Usafiri wa usiku ukoje?

Subway ilifunguliwa 1896, ni duara moja lenye vituo 15, na mzunguko mzima huchukua kama dakika 24. Ukipanda upande usio sahihi hujapotea, utafika tu kwa kuchelewa. Tatizo ni Jumapili: hufungwa mapema mno, kwa hiyo hakiki saa ya treni ya mwisho kabla ya kununua tiketi ya onyesho, na uweke nauli ya basi au teksi.

Mimi ni msanii, nimealikwa kutumbuiza. Niangalie nini?

Viza ya kawaida ya mgeni haikuruhusu kufanya kazi ya kulipwa, isipokuwa kwa hali chache, kama mwaliko maalumu wa kitaaluma. Mwaliko huo uwe umeandikwa kabla hujasafiri, uutaje kwenye maombi ya viza, na kazi ifanyike ndani ya siku 30 tangu uingie. Anayekuja na barua ya "matembezi" kisha akakutwa na bango lenye picha yake hurudishwa kutoka uwanja wa ndege.

Kagua na chombo chako. Ngalabi ya Kiganda iliyowambwa kwa ngozi ya kenge inagusa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo ulizia kibali cha kusafirisha nje kwa idara ya wanyamapori ya nchi yako mapema. Ngoma ya ngozi ya ng'ombe au mbuzi haimo kwenye mkataba huo, lakini forodha wataitazama. Isiwe na nyama, mafuta wala wadudu. Na baridi ya huku hulegeza au kukaza ngozi kwa namna usiyoizoea, hivyo fika ukumbini mapema, iache ngoma ipate joto la chumba kama saa mbili, ndipo uilinganishe.